Binti wa Kuazima

Kijijini kwetu hakuna mtoto wa nyumba kubwa aliyetamka neno lake la kwanza bila mkono wa Ichira. Mtoto akichelewa kusema, mama yake humtuma mtu bondeni kwenye vibanda vya waimbaji, naye Ichira huja na mtungi wake uliofungwa uzi, hukaa uani mbali na baraza asije akainajisi, maana watu wa tabaka lake huhesabiwa najisi, huupiga ule uzi, huwaimbia nyoka wa nyumba ile, na kabla wali wa jioni haujaiva mtoto anaita maji, anaita paka, anaita mama. Kisha mtoto hukua. Akikutana na Ichira kwenye kijia cha mashamba ya mpunga, humwambia kwa ulimi uleule alioombewa, "We mwimbaji, hebu pisha." Ichira hushuka topeni akapisha. Shukrani ya punda ni mateke, na punda wa kwetu wana majina marefu na nyumba za vigae.

Hawa nyoka si hadithi ya kutishia watoto. Kila nyumba ya zamani ina pembe ya shamba isiyoguswa na panga, miti imesongamana, kichuguu katikati, na ndani ya kichuguu wanakaa swila wa ukoo. Wao ndio wenye ardhi. Watu ni wapangaji. Wakifurahi hutoa watoto, macho, miguu, sauti. Wakikasirika hufunga matumbo ya wanawake na kuwaotesha wanaume magamba kama samaki. Husikia wimbo mmoja tu, ule wa mtungi na zeze, na huimbwa na watu wa kina Ichira peke yao, kizazi hata kizazi. Lakini humsikiliza mwimbaji kwa niaba ya nyumba tu. Nyumba ndiyo wanayoijua. Na waimbaji hawajawahi kuwa na ardhi hata ya kuzikia paka, kwa hiyo hawana kichaka, kwa hiyo hawana nyoka wa kuwasikiliza shida zao wenyewe. Aliyeupanga utaratibu huo alikuwa na shamba, hilo sina shaka nalo.

Ichira alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Ponni. Na Ponni alizaliwa bubu.

Usidhani mama yake hakumwimbia. Alimwimbia angali mchanga, akamwimbia alipoanza kutambaa, akakaa nje ya kila kichaka cha kijiji akilitaja jina lake, na nyoka wa huko wakanyamaza kama watu waliojifungia ndani wakipigiwa hodi na mtu wasiyemtaka. Mganga hajigangi, watu walimwambia, tena kwa kucheka. Mumewe Kandan, aliyepiga zeze ubavuni pake tangu walipooana, alimsihi aache. Kandan alikuwa mtu wa tembo. Asubuhi alipiga zeze na jioni alikunywa, na kwa yote mawili alikuwa hodari.

"Mtoto anasikia, anacheka, anakula kuliko mimi," alisema. "Unataka nini tena?"

"Nataka aniite mama."

"Si anakuita kila siku? Akigonga ukuta anayekimbia nani? Mimi?"

Na kweli Ponni alikuwa na namna yake. Alipomtaka mama yake aliupiga kiganja ukuta wa udongo, na Ichira, hata akiwa kisimani, alitua ndoo na kwenda. Walikuwa na lugha yao ya vidole na nyusi ambayo hata Kandan hakuifuata yote. Walisengenya kijiji kizima kwa mikono mpaka wakashikana mbavu. Lakini Ichira hakutaka mikono, alitaka neno. Aliwaona wanawake wa nyumba kubwa wakiitwa mama mpaka wakachoka, wakifoka, "Abee, abee, niacheni nipumue jamani," na wivu ulimkaba hata wimbo ukatoka mkavu. Alikuwa ameligawa neno lile kila mlango, na mlango wake haukuwa na hata silabi.

Ponni alipokuwa msichana mkubwa, Sukumaran wa nyumba ya Ilanjikal alirudi kutoka Uarabuni. Alirudi na redio, na saa ya kung'aa, na sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele kwenye mitambo. Alitaka kujenga ghorofa lenye mabafu ya vigae, na pahali pekee palipokuwa tambarare katika shamba la mama yake ni pale penye kichaka cha nyoka.

Nyoka huhamishwa, ipo njia. Huimbiwa wakaingia mtungini, wakapelekwa kwenye hekalu kubwa la nyoka ng'ambo ya mto, wanakotunzwa wote waliotolewa makwao. Ila hawatoki kwa kufukuzwa. Lazima msichana wa nyumba ile, mwanamwali, afunge, ale chakula cheupe tu, kisha akae juu ya mchoro wa unga wa rangi. Nyoka humwingia na kusema kwa kinywa chake, wakubali au wakatae. Wakikubali, humwachia msichana zawadi ya kuagia. Nyumba ya jirani walipohamisha wa kwao, binti yao aliyekuwa na mguu uliokauka aliinuka pale kwenye mchoro akatembea mpaka jikoni. Mguu ule tuliuona wote.

Basi Bi Kamalakshi, mama yake Sukumaran, akamwita Ichira. Yeye alikaa barazani na tambuu shavuni. Ichira alisimama chini ya mfenesi, pale pake pa siku zote.

"Ichira."

"Naam, Bi Mkubwa."

"Huyu mwanangu anataka kujenga. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mkubwa. Nadhani na ng'ambo ya mto wamesikia."

Bi Kamalakshi alitema mate mekundu, na tabasamu likamponyoka. "Kisima kinamsikia! Tangu atoke kwa hao Waarabu hajui kusema taratibu. Haya. Utatuimbia lini?"

"Msichana yupo? Bila msichana wa nyumba nitaimba mpaka nikauke, hata mjusi hatoki."

"Msichana ndiyo taabu. Mjukuu wangu ni yule mmoja, yule wa Bombay. Nimempigia simu. Unajua kanijibu nini? 'Bibi, mimi niliwe na nyoka kwa sababu ya bafu la baba?'"

Sukumaran akatokeza kutoka ndani, kifua wazi, kitambaa begani. "Mama, acha ushamba. Naleta watu wa misumeno, wakate. Nyoka watajua wenyewe pa kwenda."

"Kata! Kata uone kama huo uso unaoupaka marashi hautatoka magamba. Babu yako mdogo alikata tawi moja tu la kuni, akafa akijikuna." Kisha akamgeukia Ichira, na sauti yake ikawa laini, nayo ilipokuwa laini ndipo ilipokuwa ya kuogopwa. "Wewe una binti."

Ichira akautazama mzizi wa mfenesi.

"Atakula wali wetu muda wote wa mfungo. Ataoga maji ya kisima chetu, atavaa nguo ya nyumba hii. Mtoto ni wa nani, kama si wa anayemlisha?"

"Atalala wapi, Bi Mkubwa?"

"Ghala la mpunga ni kavu, nitatia mkeka." Ndani ya nyumba, bila shaka, hapakuwa na nafasi, ingawa nusu ya vyumba vililaliwa na popo.

"Na ile zawadi ya kuagia?"

"Achukue. Sisi tunataka kiwanja tu."

Hapo ndipo Ichira alipokwisha. Nasema alikwisha, maana yaliyofuata yalikuwa kuvuta kamba ya jambo lililokwisha kufungwa. Aliporudi bondeni alimweleza Kandan, na Kandan, aliyekuwa amekwisha kunywa, akalevuka papo hapo.

"Nyoka hadanganywi, mke wangu."

"Hatudanganyi. Bi Mkubwa amesema anayelishwa ndiye mtoto."

"Bi Mkubwa amemlisha ng'ombe wake miaka kumi. Mbona hajampa jina la ukoo?"

"Wewe mlevi, unajua nini?"

"Mlevi, ndiyo. Mwongo, siyo. Na wewe hujawahi kuwa mwongo, ndiyo maana ulevi umenitoka."

Na Ponni mwenyewe? Ichira alimweleza kwa vidole: utapata sauti. Ponni alimtazama, akafikiri, kisha akaweka kiganja chake kifuani mwa mama yake, akakirudisha kifuani mwake, akainua nyusi. Maana yake ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho: kwani hatuongei? Ichira alimshika mkono akaushusha. Watu wengi wanamlaumu kwa lile neno alilokuja kulisema baadaye. Mimi, kama ni kumlaumu, namlaumu kwa mkono ule alioushusha.

Ponni akaingia mfungo. Alikula wali na samli na ndizi tamu, akanawiri, akapendeza. Ichira alipokwenda kumchungulia kwenye uzio wa makuti, msichana aliyagonga makuti kwa kiganja na kumwonyesha tumbo lililoshiba, akicheka bila sauti. Bi Kamalakshi alimpa vazi jeupe lenye pindo la dhahabu lililokuwa la mjukuu wa Bombay. Kwa mbali ungedhani ni mtoto wa nyumba ile kweli.

Siku ilipofika, Ichira alianza kuchora kulipopambazuka. Nyeupe ni unga wa mchele, njano ni bizari ya manjano, nyeusi ni makumvi yaliyochomwa, kijani ni majani makavu yaliyotwangwa, na nyekundu ni manjano yaliyochanganywa na chokaa. Akawachora swila waliofumana mikia, vichwa vimepanuka, magamba yao moja moja, mpaka ua mzima ukawa kama unapumua. Hajawahi kuchora vizuri kama siku ile. Ponni akaketishwa katikati, nywele zimefunguliwa, shada la maua ya mpopoo mikononi. Kandan akakaza uzi wa zeze. Ichira akaupiga mtungi, akaanza kuimba.

Jua lilikuwa limepanda juu ya minazi shada lilipoanza kutikisika. Kisha mabega. Kisha Ponni akaanguka mbele, nywele zake zikaufagia mchoro, zikavuruga nyekundu na njano, na mwili wake ukawa unateleza juu ya unga jinsi mwili wa mtu usivyoteleza. Akainuka nusu. Akafungua kinywa.

"Nani ametuita?"

Mkono wa Ichira ukafa juu ya uzi. Ilikuwa sauti nene kidogo, yenye mkwaruzo mwanzoni mwa kila neno, kama ya marehemu mama yake Kandan. Sauti ya ukoo wao! Ilikuwamo humo kifuani siku zote. Kandan naye aliitambua, machozi yakamtiririka na hakuweza kuyafuta, kwa kuwa zeze halitakiwi kunyamaza.

"Nyumba ya Ilanjikal, enyi wakubwa," alijibu Bi Kamalakshi, viganja vimeungana.

"Mnatutoa."

"Tunawahamisha, wakubwa. Huko hekaluni kuna maziwa kila siku."

"Huyu tuliyemkalia ni wa nani?"

"Wa nyumba hii."

"Wewe mwanamke ulituahidi maziwa mwaka wa mafuriko, hukuleta. Neno lako ni pumba. Mwimbaji ajibu. Huyo hajatudanganya tangu azaliwe."

Watu wote wakamgeukia Ichira. Mtu maskini akiwa na kitu kimoja cha thamani, ndicho watakachomwomba siku hiyo.

"Ni wa nyumba hii," akasema Ichira.

"Na wewe kwake ni nani?"

"Mwimbaji tu. Namjua kama ninavyowajua watoto wote wa kijiji."

"Hukumzaa?"

Kandan alikosea noti, uzi ukalia vibaya. Ichira akautazama uso wa mwanawe, macho yasiyopepesa, midomo iliyolowa, na ile sauti ikingoja ndani yake.

"Sikumzaa."

"Basi na iwe kama ulivyosema. Sauti hii tunamwachia, ni yake. Nawe jua kwamba imesimama juu ya neno lako. Siku utakayolirudisha neno, nasi tutachukua kilicho chetu."

Ichira alisikia kwamba sauti ni yake. La pili likampita. Watu walikuwa wameanza kupiga vigelegele na swila walikuwa wanatoka, mmoja mmoja, wakipita kati ya miguu ya watu bila kumgusa mtu. Nyuma ya wote alikuja mkongwe wao, mfupi kama mkono, kwa sababu nyoka hawa hufupika kadiri wanavyozeeka, anang'aa kama shaba iliyosuguliwa majivu. Alipofika kwa Ichira alisimama kidogo, akamtazama, akaingia mtungini. Mtungi ukafungwa kwa nguo nyekundu, ukapelekwa.

Ponni alilala kwenye unga ule uliovurugika mpaka kivuli cha mfenesi kilipomfikia. Ichira alikaa kando yake akimpepea kwa kipande cha kuti. Alikuwa amekwisha kujua neno litakalomtoka. Tena alikuwa amejitengeneza nywele.

Msichana akafumbua macho, akaketi, akatazama barazani.

"Bibi," alimwambia Bi Kamalakshi, "nina kiu."

Ichira alicheka na kulia pamoja, akamkumbatia. Ponni akajikunja, akajivuta nyuma, akalivuta na lile vazi jeupe lisiguswe. Hakuwa na hasira. Alishangaa tu, kama mtu aliyerukiwa na mbuzi wa jirani.

"Huyu mwimbaji ana nini? Bibi, mbona ananishika?"

Bi Kamalakshi aliacha kutafuna.

"Ichira," alisema polepole, "mchukue mtoto wako."

"Mtoto wake nani?" Ponni alicheka. "Bibi, ni mimi. Ni Ponni." Akainuka, akapanda ngazi za baraza, na Sukumaran akamzuia mlangoni kwa mkono, mkono ulionyooka mbali asimguse.

"Shuka. Kazi imekwisha, shuka."

"Baba, nimefanya nini?"

Alipomwita baba, Sukumaran alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto, akaufunga mlango. Ponni akabaki pale, akiugonga, akiita bibi, akiita baba, kwa sauti iliyokuwa safi, nzima, isiyokwama popote. Ichira alipanda ngazi mbio. Najisi kitu gani tena.

"Usilie," alimwambia, "usilie, mwana..."

Ponni akashika koo. Neno alilokuwa akilisema likakatika katikati, likawa mkwaruzo, likawa pumzi. Kandan alimrukia mkewe akamziba kinywa kwa kiganja.

"Nyamaza! Hukusikia walivyosema? Ukilirudisha, inarudi!"

Sauti ya Ponni ikarejea, kidogo kidogo, nayo ikaendelea kumwita mtu mwingine.

Walimchukua kwa nguvu, Kandan miguu, jamaa wa bondeni mikono. Hakuwa na pa kwenda kwingine. Alikaa kibandani kwao kama mgeni aliyekwama na mvua. Mwanzo hakutaka kula chakula alichopika Ichira. Alijipikia mwenyewe nje, kwa chungu chake. Kila asubuhi alioga na kwenda kusimama kwenye lango la Ilanjikal, mpaka walipomwachia mbwa. Watu wakamwambia ukweli, si mmoja si wawili, tena mbele ya Ichira. Aliwasikiliza na kutikisa kichwa kwa adabu. Neno la watu halikuingia. Nyoka walikuwa wameliweka la mwimbaji mbele ya yote.

Kijijini kwetu mwanamke mzima humwita kila msichana mwanangu. Muuza samaki humwita hivyo, mwenye duka humwita hivyo, hata wapita njia. Ichira peke yake hakuweza. Alimwita "wewe binti," na hata hilo alilisema kwa hofu, akimtazama koo.

Mnangoja niwaambie nyumba ya Ilanjikal ilipatwa na nini. Haikupatwa na kitu. Kichaka kilikatwa, ghorofa likasimama, mabafu yana vigae vya buluu, na Sukumaran ngozi yake ni laini kama ya mtoto. Mjukuu wa Bombay aliolewa vizuri. Walihamisha nyoka kwa taratibu zote, wakaruhusiwa, na udanganyifu ulipohesabiwa uliangukia kwa aliyesema neno. Bi Kamalakshi alikufa usingizini, ameshiba.

Na Ponni akawa msemaji. Alianza kuuza maua ya asumini mlangoni pa hekalu, na watu walinunua maua wasiyoyahitaji wapate kumsikia akibishana. Alisimulia, alitania, aliiga sauti ya karani na ya kuhani na ya mbuzi wa kuhani. Watoto walimfuata kama kuku wanaofuata mtama. Ichira alikuwa akikaa upande wa pili wa njia, na mtungi wake, akijifanya anangoja kuitwa kazini, kumbe anasikiliza. Hapo alikuwa na furaha, nisiseme uongo. Ilikuwa furaha ya mtu anayenusa chakula cha jirani.

Kandan hakuistahimili. Akazidisha tembo, akaacha zeze, akafa mwishoni mwa mvua. Kuni za kuuchomea mwili wake zilipopangwa, mpwa wake ndiye aliyetia moto. Ponni alisimama na majirani, macho makavu, uso wa huruma, akamuuliza mwanamke aliye karibu naye, "Maskini, mzee hakuwa na mtoto wa kumwashia?" Yule mwanamke alimtazama Ichira, akainamisha kichwa.

Baada ya hapo Ponni alizidi kuwa mwema. Alimchotea Ichira maji. Alikubali kula chunguni mwake. Siku nyingine alimsuka nywele, na Ichira alikaa chini na macho yamefungwa, hapumui sawasawa, akiogopa kinywa chake mwenyewe.

Kisha akatokea seremala mmoja wa ng'ambo ya mto, kijana mtulivu, aliyekuwa akija kununua asumini kila Ijumaa ingawa nyumbani kwao hapakuwa na mwanamke wa kuvaa maua ila mama yake mjane. Alipenda kumsikiliza Ponni. Alisema hivyo waziwazi: nyumba yetu ina ukimya mwingi, nataka mke wa kuuvunja. Mambo yakaenda mbele, na mama mtu akataka kujua msichana ni wa nani.

Ponni alirudi jioni moja, jua halijazama, akamkuta Ichira jikoni anachochea moto. Akachuchumaa karibu naye, mikono magotini.

"Mwimbaji."

"Naam."

"Nikuulize kitu, usikasirike."

"Uliza tu."

"Watu wanasema mimi ni wako. Wamesema miaka yote, nikadhani wananicheka kwa kuwa Ilanjikal walinitupa. Leo mama wa mchumba naye kaniambia. Kasema kama ni kweli hajali, anachotaka ni ukweli tu." Akamwangalia usoni, kwa macho yaleyale yaliyokuwa yakimtafuta zamani kutoka kila pembe ya kibanda. "Hujawahi kunijibu wewe. Ni kweli?"

Nisimfanye Ichira malaika. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka mpaka mate yakamjaa. Neno moja tu, na yule mtoto angemtambua pale pale, angemwangukia, angeweka kiganja chake kifuani mwake. Angekuwa wake tena, bubu, bila maua, bila watoto wa kumfuata, bila yule kijana anayengoja ukimya uvunjwe. Angekuwa na mama. Kwa muda ule mfupi Ichira aliona si vibaya. Aliona kwamba mama ni kitu kikubwa kuliko hivyo vyote, na aliyaona hayo kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa yeye.

Moto ulipasuka kwenye kuni mbichi.

"Watu wana maneno," akasema. "Mimi sina mtoto."

Ponni alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, akatabasamu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu. Ingekuwa kweli, moyo ungeniambia." Akasimama, akajipangusa majivu kwenye pindo la nguo, na alipofika mlangoni akageuka, kwa kuwa hakupenda kumwacha mtu na huzuni. "Pole lakini, mwimbaji. Mungu angekujalia, ungekuwa mama mzuri."

Akatoka, na Ichira akamsikia huko nje akiwaita wenzake kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine.